Daktari mpya amekataa kuniandikia dawa ya tezi

SWALI: Kwa miaka 6 nimekuwa nikimeza levothairoksini, dawa ya kufidia homoni ya tezi ya shingo (thairoidi), mikrogramu 100 kila asubuhi. Daktari wangu amestaafu, na huyu mpya, alipoona kipimo cha damu kiko sawa, alisema siihitaji tena. Nimebakiwa na tembe 10. Nifanyeje?
Msomaji wa kike, Likoni, Mombasa

JIBU: Pole sana, dada. Kipimo kuwa sawa wakati unameza dawa kwa kawaida huonyesha kwamba dozi inakutosha, wala si ushahidi kwamba tezi yako imepona. Nenda kwenye kliniki ya zamani kabla tembe hazijaisha, uombe nakala ya faili lako, hasa kipimo cha TSH (homoni inayoichochea tezi kufanya kazi) kilichochukuliwa kabla hujaanza tiba, kwa kuwa hicho ndicho daktari mpya hajakiona. Ikiwa tezi iliondolewa kwa upasuaji, dawa ni ya maisha. Ikiwa tatizo lilianza baada ya kujifungua, huenda lilikuwa la muda, na kuacha kwa majaribio kunaweza kufaa, mradi damu ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Akishikilia msimamo wake, mwombe aandike sababu, kisha utafute maoni ya daktari mwingine, kwa mfano katika Hospitali Kuu ya Pwani. Ukiwa mjamzito, nenda leo hii. Tafadhali usiazime tembe za jirani. Dawa hii hupungua mwilini polepole, nusu yake kwa takriban siku 7, hivyo unao muda wa kulifuatilia jambo hili bila hofu.