Flati yako si feki, anza na waya

Mkuu uliyetuandikia kutoka Tandahimba, umesema hela ya korosho imekupa TV ya flati ya inchi 43, ukaiweka palepale ilipokuwa chogo, ile TV ya zamani yenye mgongo, ya inchi 21. Sasa mpira una ukungu, nyuso za watu zimepanuka, na nyumba nzima inadai chogo irudi. Unauliza kama umeuziwa feki. Kwa maelezo yako, sidhani. Nina kibanda umiza cha kuonyeshea mpira hapa Mtwara mjini tangu enzi za chogo ya inchi 29, ile ambayo kuihamisha lazima uite vijana wawili, na nilipoleta flati wateja walilalamika hivihivi.

Cha kwanza angalia waya. Kama king'amuzi kimeungwa kwa waya wa AV, ule wenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe, TV inapokea picha ya kizamani. Mfumo wetu wa picha wa zamani, PAL, una mistari 625, na inayobeba picha ni 576. Chogo ilitengenezwa kwa ajili ya picha hiyo hasa: mwale wa elektroni unapita kwenye kioo mstari kwa mstari, na ulaini wake unaficha kasoro nyingi. Flati haichori mistari, ina nukta zilizopangwa tangu kiwandani. Kama yako ni Full HD, ziko 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2. Picha ya PAL ikigeuzwa kuwa ya kidijitali ina 720 kwa 576, laki nne na kitu. Maana yake katika kila nukta tano, nne TV inazikisia yenyewe. Ukungu unatoka hapo. Halafu kioo cha 21 kina upana wa sentimita 40 hivi, cha 43 kinafika 95, na kochi hujalisogeza. Kasoro zilezile za zamani sasa unaziona zimekuzwa zaidi ya mara mbili.

Kwa hiyo tafuta waya wa HDMI, ule wa kidijitali wenye kichwa kimoja bapa, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uhakikishe kinatoa 1080. Vingine vinabaki kwenye 576 hata ukishabadilisha waya, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa mapema. Chaneli nayo iwe ya HD, yaani inayorushwa kwa picha yenye undani mwingi. Kama si ya HD, waya hauwezi kuongeza kitu ambacho hakikurushwa. Nyuso kupanuka ni jambo dogo: picha ya 4:3, umbo la chogo, inavutwa ijaze kioo kipana cha 16:9. Kwenye rimoti rudisha 4:3, uvumilie weusi wa pembeni. Ukiwa hapohapo, ondoa ile rangi kali ya dukani inayoitwa Dynamic au Vivid, weka Movie, na ushushe Sharpness. Kuipandisha hakuongezi undani wowote, kunachora tu mistari myeupe kuzunguka wachezaji.

Sasa niseme na upande wa pili, kwa sababu wazee wanaosifia chogo hawaoti. Kwenye weusi, flati za kawaida za LED hazijaifikia. Kwenye chogo, sehemu nyeusi haipigwi na mwale kabisa. Kwenye flati taa iko nyuma inawaka muda wote, na mwanga unavuja. Zima taa ya sebuleni uangalie filamu ya usiku, utaona weusi umekuwa kijivu. Mwendo nao ni hivyohivyo. Chogo inamulika nukta na kuizima papo hapo, flati inaishikilia picha mpaka nyingine ije, kwa hiyo jicho likifuata mpira wa kasi linaona mkia. Kwangu mimi hili ndilo pengo kubwa kuliko yote, na mteja anayefuatilia pasi ndefu analiona bila kuambiwa.

Kuna suala la kutazama kwa pembeni pia, na kwenye kibanda ni kubwa. Chogo ilionyesha rangi zilezile kwa aliye katikati na aliye benchi la ukutani. Flati nyingi za bei nafuu ukizitazama kwa ubavu zinapauka. Wengine mnaosubiri mnada wa korosho ndipo mnunue, msikubali kuoneshwa TV mkiwa mmesimama mbele yake tu. Sogea kushoto, sogea kulia, chuchumaa, na uombe wakuwekee mpira, si ile video ya maua na samaki.

Pamoja na hayo, mechi ya HD kwa HDMI kwenye flati ina undani ambao chogo haikuwahi kuutoa: namba za jezi, uso wa kipa, hata nyasi. Siwezi kurudi nyuma kwa mpira.

Chogo usiitupe wala usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Kama bado una deki na kanda za harusi, ziungie huko, zitaonekana vizuri kuliko kwenye hiyo 43. Ukishaweka HDMI, tuandikie king'amuzi ni cha aina gani na kinatoa ngapi. Kama bado kuna ukungu kwenye chaneli ya HD, hapo ndipo tuanze kuishuku TV yenyewe.