Walimu Wakongwe Hawakushindwa Sensa

Swali la wiki la gazeti lenu linauliza kama mwalimu aliyezeeka na chaki anaweza kujifunza kufundishia kwa teknolojia, au ni heri tusubiri walimu vijana waliokulia kwenye simu janja. Nami nimo katika kundi hilo la chaki. Nafundisha shule ya msingi hapa Tanga mjini na kustaafu hakuko mbali, kwa hiyo swali nimelisoma kama mtu anayesengenywa naye yupo.

Anaweza. Tena alishaweza, nchi nzima ikimtazama.

Kumbukeni Sensa ya mwaka 2022. Taarifa zilikusanywa kwa vishikwambi, yaani tableti, badala ya makaratasi, na walimu wengi walikuwa miongoni mwa makarani. Si vijana peke yao. Walikuwamo kinamama wa rika langu ambao mpaka Julai ya mwaka ule simu zao zilikuwa za kupiga, kupokea na kutuma pesa. Wakakaa mafunzoni, wakakabidhiwa kishikwambi na eneo la kuhesabia, na usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti kazi ikaanza. Walipita nyumba kwa nyumba, Ngamiani, Makorora, Mabawa, wakimhoji mwenye nyumba barazani huku watoto wakichungulia kioo, wakirudi nyuma kurekebisha umri wa bibi, wakihifadhi, wakituma. Kifaa kikigoma, wanampigia msimamizi, naye anafika au anawaelekeza kwa simu. Sikusikia mtu akisema wakati ule kwamba hawa wazee hawaiwezi teknolojia.

Sensa ilipokwisha, vishikwambi hivyo pamoja na vingine vikagawiwa walimu, kwa ujumla karibu laki tatu. Kifaa kilekile, mikono ileile. Lakini haikupita miezi mingi, ukiingia ofisi za walimu unavikuta vingi vimo kwenye droo, vimeisha chaji, na vilivyo hai vinatumika kuangalizia matokeo na kutumiana salamu za Ijumaa. Hapo ndipo tulipoanza kuambiwa tatizo ni umri wetu. Na wenye kusema hivyo hawakosi kuchomekea ile ya samaki mkunje angali mbichi.

Mimi naona tofauti iko mahali pengine. Wakati wa sensa kishikwambi kilikuja na kazi. Karani alijua kesho asubuhi anakwenda nacho wapi, anafanya nacho nini, na akikwama anamwita nani. Kilipokuja shuleni kilikuja na hotuba. Hakuna aliyetuambia: Jumatano, kipindi cha tatu, Darasa la Tano, mada ni hii, kitumieni hivi, na fulani atakuwa pembeni. Semina nimekaa. Mwezeshaji anasimama na projekta, anatusomea slaidi zilizojaa maandishi kuhusu umuhimu wa TEHAMA, tunasaini mahudhurio, tunakunywa soda, tunarudi nyumbani. Kifaa tumekiona kwa macho.

Waliotutangulia hili walilijua. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliendeshwa kwa redio, na redio ndiyo iliyokuwa teknolojia yenyewe siku zile. Lakini haikuachwa iongee peke yake. Watu walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyeandaliwa na kitabu chake. Kipindi kikiisha wanajadiliana, kisha wanakwenda kuchimba choo au kufyeka nyasi zinazoficha mbu. Walisikiliza wakijua kuna kazi inawangoja.

Mimi kilichonifundisha ni kipindi kimoja cha bahari.

Tunaye mwalimu wa Sayansi, kijana aliyeajiriwa juzijuzi. Ananiita mama, nami namwita mwanangu. Alinikuta nachora ubaoni habari za maji kujaa na kupwa, yaani duara la dunia, duara la mwezi na mishale mingi. Akatazama kidogo, akasema, "Mama, bahari si hii hapa? Kwa nini usiwaonyeshe maji yenyewe?" Nikamwambia watoto zaidi ya tisini siwezi kuwavusha barabara hadi ufukweni Sahare nikawashindishe juani tangu asubuhi mpaka jioni. "Basi tuilete bahari darasani," akasema.

Tukangoja Jumamosi iliyoangukia mwezi mpevu, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Hapa kwetu siku hizo maji hupwa karibu na saa nne asubuhi na hujaa karibu na saa kumi jioni, kwa hiyo mabadiliko yote unayapata mchana. Alinionyesha namna ya kuegemeza simu mahali pamoja pasiposogea na kupiga picha ileile kila baada ya nusu saa: ngalawa moja iliyofungwa kambani, mti mmoja wa mkoko, na mstari wa maji. Kazi ikawa hiyo tu. Wavuvi walidhani tunapima kiwanja.

Bamvua la Tanga hupanda na kushuka zaidi ya meta tatu, kwa hiyo picha zilijieleza. Katika ya kwanza ngalawa imelala ubavu kwenye tope, na mbali kabisa wanawake waliojifunga leso wanatafuta pweza. Katikati maji yameshaufikia mti. Katika ya mwisho ngalawa inaelea, na pale walipokuwa wale wanawake pana mawimbi matupu.

Kisha ikaja habari ya projekta. Shule inayo, ila ilikuwa kabatini na nailoni yake, "inatunzwa". (Niseme kidogo hapa. Shule ya serikali waliyoijenga Wajerumani hapa Tanga ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na gazeti la Kiongozi lilianza kutoka humo mwaka 1904. Mtambo ule ungefungiwa kabatini, tusingekuwa na Kiongozi.) Tulipoipata tukagundua darasa letu lina madirisha makubwa na mwanga hauzuiliki. Tukatundika leso. Picha ikaonekana vizuri sana, na hewa ikakatika. Wanaoijua Tanga ya Februari wanaelewa watoto tisini katika chumba kisicho na upepo wana hali gani. Kabla hatujafika picha ya sita, umeme wa LUKU, ule wa kununua kabla ya kutumia, nao ukaisha.

Kijana akatoa kishikwambi chake, nami nikatoa changu. Picha alikuwa ameshazihamishia kote kuwili, na amezichanganya makusudi zisifuatane. Tukagawa darasa katika vikundi. Vikundi viwili vinakaa na vishikwambi, wanapekua picha na kuandika daftarini ipi ilitangulia na wamejuaje. Vingine vinafanya hesabu ubaoni: kama leo maji yamejaa saa 10 kamili jioni, kesho yatajaa saa ngapi? Halafu wanapokezana. Kwa maoni yangu kilikuwa kipindi bora kuliko kile cha projekta. Kioo kidogo kinawalazimisha watoto kuinama pamoja na kubishana, na ubishi wa watoto juu ya kitu wanachokiona ndio nusu ya kufundisha. "Hii imetangulia, tazama kivuli cha mti!" "Kivuli kitu gani, tazama kamba ya ngalawa!" Wapo waliopanga kwa kivuli na wapo waliopanga kwa maji, na majibu yakalingana. Hilo mimi sikuwa nimeliwaza.

Kwenye hesabu akanyoosha mkono mtoto ambaye kwa kawaida hasemi. Akasema kesho yake maji yatachelewa, "maana baba kila siku anaondoka baadaye kuliko jana". Baba yake ni mvuvi. Nikamwuliza anachelewa kwa kiasi gani, akasema karibu saa nzima. Kitaalamu ni kama dakika 50, kwa sababu dunia ikimaliza mzunguko wake mwezi nao umeshasogea mbele, inabidi iufuate. Darasa likapata saa 10:50, keshokutwa 11:40, na wakaendelea wenyewe mpaka giza likaingia kwenye hesabu zao. Mtoto yuleyule akauliza mbona maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, hayafanani na bamvua. Wiki iliyofuata, mwezi ulipokuwa nusu, kijana akaenda kupiga picha palepale. Mstari wa maji ulisogea kidogo tu. Tukaziweka picha za siku zote mbili pamoja ndipo nikachora ile michoro yangu ya duara na mishale: jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja vinavuta kwa pamoja, vikiwa pembe mraba kila kimoja kinampunguzia mwenzake. Safari hii mishale ilieleweka, maana ilikuja kujibu swali ambalo mtu ameuliza.

Sasa hesabuni mwalimu mkongwe alijifunza nini humo. Kupiga picha kwa mpango, kuziweka kwenye folda, kuzipunguza uzito, kuzihamisha kutoka simu hadi kishikwambi bila kula bando, kuunganisha projekta, na kuamua projekta isitumike. Hakuna aliyenifundisha hayo kama somo. Kila kimoja nilikihitaji kwa ajili ya kipindi cha kesho yake, na mtu wa kumwuliza alikuwa meza ya pili. Tangu hapo nimeendelea mwenyewe. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vilivyomo kwenye maktaba yao ya mtandaoni navipakua mara moja usiku, bando likiwa rahisi, asubuhi tunarushiana ofisini na kila mwenye kifaa anacho. Kwa shule ambayo kitabu kimoja kinasomwa na dawati zima, hilo si dogo.

Kuhusu walimu vijana mnaowasubiri, nina neno. Wanaijua simu, hilo sibishi. Lakini yule mwanangu siku ya kwanza alitaka kumpa kishikwambi kila kikundi kwa zamu huku vingine vikingoja vimekaa kimya. Watoto tisini hawangoji kimya. Mimi ndiye niliyesema wapewe hesabu, na mimi ndiye niliyejua nani asikae na nani. Kujua kifaa ni ujuzi, kulijua darasa ni ujuzi mwingine, na huu wa pili haupakuliwi. Tukiwasubiri vijana peke yao tutapata vipindi vyenye picha nzuri na makelele.

Mpango wa MEWAKA, ule wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwa maandishi unasema karibu haya ninayoyasema: walimu wa shule moja wakutane shuleni kwao, wachague tatizo la darasani, wasaidiane. Kinachouponza ni ratiba. Kikao kinapangwa saa za mwisho, watu wamechoka, kinageuka kikao cha taarifa. Mwalimu mkuu anayetaka walimu wake wajue teknolojia atenge kipindi kimoja cha wiki ambacho walimu wawili, mkubwa na mdogo, hawana darasa kwa wakati mmoja. Awape kazi ya kuandaa somo moja lenye tarehe. Na ufunguo wa kabati la projekta utundikwe ukutani ofisini, mahali unapoonekana.

Umeme na bando ni matatizo ya kweli, sitajifanya siyaoni. Nimesema tu kwamba kipindi chetu kizuri kilikuja baada ya umeme kuisha. Na si kila somo linataka kioo. Darasa la Kwanza mtoto bado anahitaji kushikwa mkono na penseli yake.

Mwezi ujao tunafika kwenye mada ya mito. Kama yupo mwalimu wa Pangani anayesoma gazeti hili, pale kwenu mdomoni mwa mto maji ya bahari yanapoingia wakati wa bamvua, naomba apige picha kutoka mahali pamoja, kila nusu saa, na kuwe na kitu kisichosogea ndani ya picha. Sisi tutamtumia za Sahare.

Mwalimu wa shule ya msingi, Tanga