Uchovu, moyo kwenda mbio, usingizi hamna: mimi nilihangaika na kila kitu nikaliacha tumbo

Mdogo wangu nimesoma ulichoandika mara mbili maana ni kama umeandika maisha yangu. Unasema una miaka 27, unaendesha boda, sasa ni miezi minne unachoka hovyo, ukipanda ngazi moyo unaenda mbio, saa 8 usiku tumbo linaunguza mpaka unaamka, malaria umepima mara tatu hamna kitu na nyumbani wameshaanza kusema umechezewa. Halafu mwishoni kabisa umeandika kama kitu kidogo tu kwamba mgongo ukikuuma unanunua diklofenaki. Mimi hapo ndo nilishtuka, wengine wote waliokujibu wameparuka.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala, kutwa nimeinama. Mwishoni mwa 2020 mgongo ulinisumbua sana nikawa nameza diklofenaki asubuhi na jioni, nyingine kabla hata sijala, nanunua duka la dawa pale jirani na hakuna siku niliyoulizwa nazimezea nini. Tumbo likaanza kuunguza chini ya kifua, hasa usiku wa manane, nikila kipande cha mkate linatulia nalala kidogo. Nikirudi dukani napewa omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, nameza siku tano nasikia nafuu naacha, wiki mbili mbele linarudi. Nilienda hivyo karibu miezi sita.

Sasa tumbo mimi sikulihesabu kama ugonjwa, nililizoea. Kilichokuwa kinanitesa ni vingine. Nilikuwa nachoka mpaka mguu unagoma kusukuma pedeli, nakaa naangalia kitambaa. Watoto wakipiga kelele kidogo nafoka halafu naingia chumbani nalia. Kuna siku nilikata gauni la mteja, kitenge kizuri alichonunua kwa pesa zake, nikaja kushona nikakuta nimekata mikono yote miwili ya kushoto, na kitambaa kimeisha. Miaka kumi na moja kwenye kazi sijawahi kufanya kosa lile, ilibidi nimlipe. Na nilianza kula udongo, ule wa vidonge wanaouza sokoni, sina mimba wala nini, ila nilikuwa nauficha kwenye droo ya cherehani pamoja na sindano na kila nikikaa lazima nimung'unye. Hii nakwambia kwa sababu watu wanaona ni uchafu au tabia mbaya wakati mara nyingi ni dalili ya mwili kukosa madini ya chuma.

Juni 2021 choo kikawa cheusi tii, kinang'aa kama lami mbichi, kinanata, na harufu yake mbaya kuliko kawaida. Nikajiambia ni mboga za majani. Siku ya tatu nilianguka nikitoka bafuni. Hospitali daktari kabla ya kunipima chochote alinivuta kope la chini akaniambia chukua kioo ujione, ndani kweupe kama karatasi. Wingi wa damu ulikuwa 6.9 na mwanamke ambaye hana mimba anatakiwa awe angalau 12, mwanaume 13. Nikaongezewa uniti mbili, kaka yangu ndo alikuja kutoa damu, Mungu ambariki.

Kesho yake nikaingiziwa kamera. Watu wanaiogopa sana ndo maana naeleza, unapuliziwa dawa chungu kooni inatia ganzi mpaka hujui kama umemeza mate, unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kidude cha plastiki na mrija unapita katikati yake. Ni dakika chache, kinakera ila hakiumi kama wanavyosema. Wakakuta kidonda pale chakula kinapotoka tumboni kuingia utumbo mdogo, kilikuwa kinavujisha damu kidogo kidogo muda mrefu, na wakakuta bakteria wa H. pylori.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Tumbo lina ute unaolinda ukuta wake usiunguzwe na asidi. Diklofenaki, na ndugu zake kama ibuprofeni na aspirini, zinapunguza ule ulinzi, na siyo kwa sababu kidonge kinagusa tumbo tu, hata ukichomwa sindano madhara ni yale yale kwa sababu dawa inapitia kwenye damu. Huyo bakteria naye anakaa ndani ya ute anauharibu, wengi tunampata tangu utotoni. Ukiwa na vyote viwili kwa pamoja hatari inapanda sana. Nikamuuliza, mbona kila mtu anasema vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili? Akasema vinaweza kuongeza maumivu ila kwa watu wengi siyo chanzo. Ndo akanisimulia habari za daktari wa Australia, Barry Marshall, ambaye 1984 wenzake walikuwa hawamwamini akaamua kunywa mwenyewe mchanganyiko wenye bakteria hao, siku chache baadae anatapika na tumbo limeshavimba kwa ndani. 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Mimi miezi yote ile nilikuwa naambiwa punguza mawazo, na mawazo yenyewe yalikuwa yanatokea huko huko tumboni!

Maana angalia mnyororo ulivyo. Damu inavuja, chuma kinaisha, oksijeni haifiki vizuri kwenye misuli, moyo unalazimika kukimbia kufidia, ndo hayo mapigo unayoyasikia kwenye ngazi. Usiku asidi inakuamsha, hulali, asubuhi una hasira na kichwa kizito. Na kuna mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na tumbo, sehemu kubwa ya taarifa inayopita humo inatoka tumboni kwenda juu, siyo juu kuja chini. Kwa hiyo tumbo likiwa linaungua kila siku kichwa nacho hakitulii. Mimi niliitwa mkorofi nyumbani kwangu miezi yote ile na sikuwa mkorofi, nilikuwa naumwa.

Dawa nilipewa za siku 14, omeprazo na antibiotiki mbili, amoksilini na klarithromisini. Hiyo ya mwisho inaacha ladha mdomoni kama umelamba sarafu, hata chai inakuwa chungu, na tumbo linaharisha kidogo. Siku ya sita nilikuwa najisikia mzima kabisa na nilitaka kuacha, mume wangu ndo akawa ananisimamia kila usiku. Usiache katikati, bakteria anabaki na safari nyingine dawa ile ile haimshiki. Kama penisilini inakudhuru sema mapema kwa daktari maana amoksilini ni ya ukoo huo. Vidonge vya chuma nilimeza miezi zaidi ya mitatu, vile vinafanya choo kiwe cheusi pia kwa hiyo usichanganye mambo. Na hapa kuna kosa letu wote, chai. Chai ya rangi au ya maziwa ukiinywa pamoja na chakula au na vidonge inazuia chuma kuingia. Sasa nakunywa saa moja na zaidi baada ya kula, na mchicha au maharage nakamulia limau, limau linasaidia chuma kuingia.

Kuna aliyekujibu akakushauri unywe maziwa, nadhani ana nia njema, yanatuliza kwa muda mfupi tu halafu tumbo linaongeza asidi tena. Juisi ya kabichi kunywa ukipenda lakini haiui bakteria.

Sasa wewe fanya hivi. Hiyo diklofenaki acha leo. Mgongo ukiuma tumia panadoli kwa kipimo chake na ukipata nafasi muulize daktari kuhusu mgongo wenyewe, boda na zile barabara lazima uumie. Kesho nenda kapime wingi wa damu na kipimo cha H. pylori cha choo. Kile cha damu cha haraka kinaonyesha tu kwamba uliwahi kukutana na bakteria, hata ukipona kinaweza kusoma yupo kwa muda mrefu. Kama umekuwa ukimeza omeprazo waambie, inatakiwa uwe umeiacha wiki mbili na antibiotiki wiki nne la sivyo kipimo kinaweza kusema hamna wakati yupo, ila daktari ndo aamue kama ni salama kwako kuiacha. Ukimaliza dozi subiri huo muda urudie kipimo, mimi nilirudia na ndo nikaamini. Waambie pia wapime choo kwa ajili ya minyoo, safura inakula damu vile vile. Na wakikuta damu iko sawa usikae kimya, uchovu una sababu nyingi, waendelee kutafuta.

Ila kuna kitu kimoja hukukitaja na wala sikulaumu, hakuna anayependa kukiandika mbele za watu. Choo chako kina rangi gani wiki hizi? Kama ni cheusi cha kunata na hujameza vidonge vya chuma, au umetapika damu au kitu kama unga wa kahawa, usisubiri kesho, nenda hospitali usiku huu huu na usijiendeshe mwenyewe kwenye hiyo boda. Nijibu hapa hapa au nitumie ujumbe pembeni, simu iko karibu na cherehani nitaiona.