Kwa Wawezeshaji Wapya wa Vikundi vya Malezi: Yanayofanyika Nyumbani Ndiyo Kipindi

Mmepewa mwongozo, fulana na daftari la mahudhurio, na wiki ijayo mnaanza. Mimi nimewezesha vikundi vya wazazi na vijana wao huku Kanda ya Ziwa kwa utaratibu wa Furaha Teens, ule wa vipindi 14 uliokuja Tanzania chini ya mradi wa Kizazi Kipya. Ninayoandika hapa ni yale ambayo mafunzo ya siku chache hayapati nafasi ya kuyagusa.

Kwanza mjue mnachobeba. Utaratibu huu chimbuko lake ni Sinovuyo Teen ya Eastern Cape, Afrika Kusini, uliopimwa kwa familia 552 katika vijiji na vitongoji 40. Katika vipindi 14, kumi mzazi na kijana walikaa pamoja, vinne wakatengana. Miezi kadhaa baada ya vipindi kwisha, vipigo na matusi nyumbani vilikuwa vimepungua, na wazazi wenyewe walikuwa na nafuu ya sonona na msongo. Hilo la pili wengi hulipita haraka. Hakuna kipindi hata kimoja kinachoitwa tiba ya sonona. Mimi naona nafuu ilipatikana kwa sababu ugomvi wa nyumbani ulipungua, hela ilianza kupangwa, na mzazi alipata watu wa kukaa nao kila wiki wasiomsema vibaya. Kwa hiyo usihangaike kuwa daktari wa akili. Shughulika na kilichotokea nyumbani tangu kipindi kilichopita.

Na hapo ndipo wageni wa kazi hii wanapoteleza. Mapitio ya kazi ya nyumbani, ile mzazi na kijana waliyopewa kujaribu kwao wiki nzima, wanayafanya kama kuita majina: umefanya, hujafanya, haya tuendelee na mada ya leo. Mada ya leo haina haraka. Kama una saa moja na nusu, nusu saa nzima ya mwanzo ni ya mapitio, na ukibanwa na muda, punguza mada, usipunguze mapitio.

Chukua mfano wa mama mmoja muuza dagaa. Kazi ilikuwa kukaa na mwanawe muda wa peke yao, na kijana ndiye achague cha kufanya. Akaja akasema, “Imeshindikana.” Ukimjibu “jitahidi wiki hii, mama,” umemfukuza kwa upole. Mwenzangu akamuuliza, “Ilishindikana wapi, mama?” Kumbe kijana alichagua kwenda naye mwaloni, kule ziwani samaki wanakouzwa, naye mama akakataa kwa kuwa mwaloni ni kazi, si maongezi. Anaondoka saa ngapi? Saa kumi alfajiri. Nani anafunga mlango nyuma yake? Huyo huyo kijana, anaamka kila siku. Kikundi kikanyamaza kidogo, halafu bibi mmoja akasema, “Basi mwenzio anakusubiri kila siku, wewe hujui tu.” Hatukutoa mhadhara. Tukawasimamisha yeye na mzazi mwingine, wakatembea kuzunguka mwembe kana kwamba wanaelekea ziwani, mama akijaribu kuuliza maswali yasiyo ya mahakamani. Wiki iliyofuata alituambia kijana aliongea njia nzima, kuhusu mwalimu wa hesabu, kuhusu rafiki aliyeacha shule. Alisema amemsikia mwanawe.

Mle ndani mna hatua nne mlizofundishwa: pokea alichosema, dadisi, unganisha na kanuni ya malezi, kisha ajaribu palepale. Kwenye karatasi zinaonekana ndogo. Ugumu upo kwenye kudadisi, maana ulimi wa mwezeshaji unawasha. Ushauri anao tayari. Uzuie. Jibu likitoka kwa bibi wa benchi la nyuma lina uzito ambao lako halitakuwa nao, kwa sababu yeye analea wajukuu wanne na wote wanajua.

Maigizo nayo yana mtego wake. Wazazi wakipewa kuigiza vijana wanaigiza kupita kiasi, watu wanacheka mpaka machozi, na wewe unaona kipindi kimenoga. Hilo ni igizo la kwanza, la namna mambo yanavyoharibika. Kazi iko kwenye igizo la pili, pale mzazi yule yule anaporudia akiwa ametulia, na mara nyingi muda unaishia kwenye kicheko. Wengi wanarudi nyumbani wakikumbuka vichekesho tu.

Kuhusu hisia, usiulize “mnajisikiaje?” Watu wetu watakujibu “salama” hata kama jana walilala njaa, kwa sababu wameisikia kama salamu nao wameijibu kama salamu. Uliza wiki hii nini kimekuchosha, na uchovu huo unausikia wapi mwilini. Atakwambia mabega, au kichwa kinagonga, au moyo unakwenda mbio akimsikia mumewe anafungua geti. Hapo una cha kufanyia kazi. Zoezi la kutulia, lile la kufumba macho na kufuata pumzi, lianzeni kila kipindi, lisiwe pambo la kufungia. Akina baba watalidharau mwanzoni. Waambie ni zoezi la kupata sekunde chache kabla mkono haujanyanyuka. Lugha hiyo wanaielewa.

Fimbo. Itakuja, na itakuja mapema: “Sisi tulichapwa, na tumekuwa watu.” Usibishane. Wala usianze na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, maana mtu akisikia sheria anamwona mtendaji na mahabusu, na mdomo unafungwa mpaka kipindi cha 14. Uliza badala yake: ulipokuwa na shida umri wa huyu wako, ulimwendea nani? Wachache sana husema waliwaendea waliokuwa wakiwachapa. Waache wenyewe walione hilo. Kisha wataleta swali la pili, kwamba mbona walimu wanachapa, na ni kweli, kanuni za shule bado zinaruhusu viboko kwa masharti. Usijifanye hujasikia. Sema hapa tunazungumzia nyumba zetu, halafu rudi kwenye jambo zito: mzazi ukimwondolea fimbo bila kumpa kitu kingine mkononi, umemwacha mtupu mbele ya mtoto anayemshinda. Kwa hiyo kanuni za nyumbani zilizokubaliwa pande zote mbili, sifa kwa kilichofanywa vizuri, na adhabu inayoendana na kosa vifanyiwe mazoezi kwanza.

Kipindi cha bajeti vijana wanakipenda kuliko tulivyotarajia. Tunatumia punje za mahindi, kila punje ni elfu moja, familia inapanga juu ya mkeka: unga, ada, dawa, mchango wa harusi (huo haukosekani). Nimemwona kijana wa kidato cha pili akizitazama punje zilizobaki, mbili, akamwambia baba yake polepole kwamba viatu vinaweza kusubiri. Ugomvi mwingi wa nyumbani, ukiuchimba, ni wa hela ambayo mmoja anajua haipo na mwingine anadhani imefichwa.

Akina baba hawaji kwa sababu tunawaita siku za mnada, na kwa sababu tangazo likisema “malezi” wanasikia “akina mama”. Wenzetu wa Uganda wana programu inayoitwa Parenting for Respectability, iliyojengwa juu ya hamu ya mzazi kuwa na familia yenye heshima, na inaanza kwa kuwakutanisha baba na mama kando kando kabla ya kuwachanganya. Wazo hilo la heshima limenisaidia sana ninapozungumza na wazee. Mfuate mwenyekiti wa kitongoji, mpe shikamoo, mwombe yeye awaalike wanaume. Na asiyefika kipindi mfuate nyumbani siku mbili tatu baadaye, mpitie kwa ufupi alichokosa. Usisubiri aje kujieleza.

Sasa jambo lisilo na mjadala. Kikundi kikianza kuaminiana, kuna mtoto atasema. Labda kwenye kipindi cha vijana peke yao, labda njiani mkitoka. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 ulionyesha karibu wasichana watatu kati ya kumi walikutana na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, kwa hiyo kwenye kundi la wasichana kumi na wawili usidhani hayupo. Siku ya kwanza kabisa waambie: ya hapa yanabaki hapa, isipokuwa mtu anapoumizwa au yuko hatarini. Akikwambia, msikilize, usimhoji kama polisi, usimwahidi siri, na usiende kumkabili mtuhumiwa. Ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wawe kwenye simu yako kabla ya kipindi cha kwanza, na namba 116, simu ya msaada kwa watoto ambayo ni bure, kila kijana aijue kwa kichwa. Tafuteni pia mapema nani wa zamu pale kituo cha afya.

Mkiwa wawili, na muwe wawili siku zote, kaeni dakika kumi baada ya watu kuondoka. Mmoja aseme kilichomgusa. Kuna siku utabeba maneno ya watu mpaka kitandani, na mwenzako ndiye pekee anayeruhusiwa kuyajua.

Mwisho wa vipindi vikundi vingi vinataka kuendelea. Wasaidieni kugeuka kikoba wakipenda, lakini msiache hisa zimeze kikao. Kabla sanduku halijafunguliwa, kila mmoja aseme wiki hii alifanya nini na mtoto wake. Wakizoea hivyo tangu kikao cha kwanza, wataendelea hata wewe usipokuwepo; wakianza na hela, hutawarudisha tena.