Chumba cha katikati, lakini viza kwanza

Dada wa Kisasa uliyeuliza uchukue chumba gani kwenye meli ya kitalii ya Ugiriki na Uturuki ukiwa na mama: katikati ya meli, ghorofa za chini. Huko meli haiyumbi sana. Kule juu mbele wanakokusifia mandhari, bahari ikichafuka mama hatainua kichwa.

Ila kabla ya chumba, viza. Meli ikitoka Ugiriki ikatia nanga Kusadasi, bandari ya Uturuki, kisha ikarudi Ugiriki, mmeshatoka eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ugiriki ikiwemo) na mnaingia upya. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, ombeni ya kuingia mara nyingi. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo msisubiri dakika za mwisho. Uturuki nayo ina viza yake, ulizeni mapema.

Fikeni bandarini siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haiwasubiri, na mimi naona ni heri kulipa hoteli usiku mmoja.

Chakula cha kujipakulia kimo kwenye nauli. Soda na bia mara nyingi havimo, na bakshishi kampuni nyingi huikata kwa kila kichwa kila siku. Simu zimeni data mkiingia tu, mtandao wa meli ni wa setilaiti na unakomba salio vibaya.

Dawa za presha za mama zikae kwenye mkoba wake. Masanduku makubwa hupokelewa gatini na yanaweza kufika chumbani jioni.