Gitaa la kupakata la alumini: shughulikia kwanza ncha mbili za uzi

Karibu kila kijana anayekuja kutaka kutengeneza gitaa la kupakata huja na picha kwenye simu na maswali ya umbo. Pembe tuzikate vipi, kichwa tukizungushe vipi, tupake rangi gani. Mdogo wangu, umbo liache kwanza. Gitaa hili halina sanduku la sauti wala shingo ya kukumbatiwa na kiganja. Linalala mapajani, nyuzi zinatazama juu, na mpigaji anatelezesha kipande cha chuma juu yake. Hata ukilikata kama mwiko wa ugali litalia, mradi uzi umeanza panapostahili na umeishia panapostahili. Sehemu hizo ni mbili: kizingiti, upande wa funguo za kukazia nyuzi, na daraja, upande wa mkono wa kulia. Saa zako nyingi zitumie hapo.

Wala usidhani alumini ni ya mtu aliyekosa mbao. Mwaka 1931 George Beauchamp, kule Los Angeles, alibuni gitaa la umeme la kupakata, na mwaka uliofuata likaanza kuuzwa na kampuni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Rickenbacker. Lilikuwa la alumini ya kusubu, kiwiliwili kidogo cha mviringo na shingo ndefu, watu wakalipa jina la Frying Pan, yaani kikaango. Ndilo gitaa la umeme la kwanza kupata soko la kweli. Upigaji wenyewe ulitoka Hawaii, ambako Joseph Kekuku ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake, mwishoni mwa karne ya 19. Afrika tumeusikia kwenye muziki wa juju wa Nigeria, kwa bendi ya King Sunny Adé. Na Tabora yetu hii ni mji wa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, mji wenye masikio ya magitaa. Wateja hutawakosa ukifanya kazi safi.

Sasa mali ghafi. Mafundi wa milango na madirisha ya alumini siku hizi wapo kila mtaa, Gongoni wapo, Ipuli wapo, na mabaki yao yanauzwa kwa kilo. Tafuta bomba la pembe nne lenye upana wa sentimita 8 hadi 10, urefu wa sentimita 85 hivi, lisilo na mkunjo. Liweke juu ya kioo kinene cha dirisha ulitazame kwa usawa wa jicho. Mwanga ukipenya katikati, rudisha. Wengine hutamani kipande kizima kisicho na uwazi ndani. Piga hesabu kwanza: alumini ina uzito wa gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo kipande cha sentimita 85 kwa 8 kwa 2.5 kinafika kilo 4.6. Mpigaji wa kwaya anayekaa nacho mapajani ibada nzima atakulaani kimyakimya.

Tatizo la bomba ni ngozi yake nyembamba, mara nyingi milimita moja na ushee. Nyuzi sita zikikazwa zinavuta jumla ya kilo 70 hivi, usiku na mchana, na skrubu iliyoshika ngozi hiyo peke yake itang'oka na kutoka na meno yake. Alumini ni laini: bolti ya milimita 4 inataka ishike angalau milimita 6 hadi 8 za unene. Dawa yake hapa kwetu ni mninga. Chonga kipande cha mninga uliokauka vizuri, kiingie ndani ya bomba kuanzia kwenye kizingiti hadi nyuma ya daraja, kisha pitisha bolti toka juu hadi chini na nati zake. Huo mninga unafanya kazi nyingine ambayo wengi hawaioni mpaka siku ya kuwasha amplifaya: bomba tupu linapokea kelele za spika na kuanza kupiga mluzi wenyewe, lililojazwa linatulia. Usigundishe kwa gundi pande zote. Mbao inatanuka kwa upana masika na kusinyaa kiangazi, alumini haijui masika. Acha nafasi ya milimita moja au mbili kila ubavu.

Kuna atakayekushauri upeleke skrepa kwa wanaosubu sufuria wakusubie gitaa zima. Inawezekana, kikaango cha 1932 kilitoka hivyohivyo. Ila jua mambo matatu. Alumini ikipoa inasinyaa kama asilimia 1.3, kwa hiyo umbali wa milimita 600 kwenye kalibu utapungua karibu milimita 8. Alama za freti, yaani mistari inayomwonyesha mpigaji mahali pa kila sauti, usizichore kwenye kalibu kamwe. Kopo za soda zinaacha takataka nyingi. Vipande vinene vya injini vinafaa zaidi. Na kalibu yenye unyevu, au skrepa iliyonyeshewa, ikikutana na alumini iliyoyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 660, maji yanageuka mvuke ghafla na chuma cha moto kinaruka usoni. Kwa anayeanza, mimi nasema bomba.

Kukata, tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, na udondoshee mafuta ya taa kidogo. Alumini inapenda kunata kwenye meno. Tupa ipake chaki ya shuleni kabla ya kuanza, vumbi la alumini halitajaza mifereji yake. Grenda yenye jiwe la kukatia chuma weka pembeni, alumini inaziba jiwe, jiwe linapata moto, na jiwe lililopata moto linaweza kupasuka.

Tuje kwenye vipimo, na hapa usiwe na haraka. Chagua umbali kati ya kizingiti na daraja. Kikaango kimoja kilikuwa na inchi 22 na nusu, kingine inchi 25. Mimi napenda milimita 600 kamili kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na rula ya chuma inatosha. Freti ya kwanza unaipata kwa kugawanya umbali huo kwa 17.817: 600 inakupa 33.7. Chukua kilichobaki, 566.3, gawanya tena kwa 17.817, unapata 31.8 ya freti ya pili, na kuendelea hivyo. Fanya hesabu yote kwenye karatasi kwanza, ujumlishe, halafu kila alama uipime kutoka kwenye kizingiti. Ukipima freti kutoka freti iliyotangulia, kosa dogo la rula linabebwa na kuongezeka mpaka mwisho. Jihakiki kwa tatu hizi: freti ya 5 iwe kwenye 150.5, ya 7 kwenye 199.5, ya 12 kwenye 300, katikati kabisa. Ya 12 ikikataa kukaa katikati, usiendelee, rudi kwenye karatasi.

Freti zenyewe ni michoro tu, hazishiki uzi. Zikwangue kwa sindano ngumu ukiongozwa na kipande cha pembe mraba, paka rangi nyeusi, futa kabla haijakauka; rangi itabaki kwenye mkwaruzo. Kwa sababu uzi haubonyezwi, hakuna haja ya kulisogeza daraja kidogokidogo kwa kila uzi kama kwenye gitaa la kawaida. Mstari mmoja ulionyooka unatosha, na kwa fundi hiyo ni zawadi.

Kizingiti na daraja usivitengeneze kwa alumini. Uzi wa chuma utaila alumini, utachimba mfereji, na sauti itaanza kukwaruza. Kata engo ya chuma, au shaba nyeupe ukiipata, uing'arishe kwa msasa wa maji mpaka ujione. Nafasi ya uzi hadi uzi iwe milimita 9 kwenye kizingiti na 10 kwenye daraja. Nyuzi zipite juu ya uso wa gitaa kwa milimita 8 hadi 10, kila mahali sawa. Halafu linakuja jambo ambalo waliozoea magitaa ya kawaida hulikosea: migongo ya nyuzi ndiyo iwe sawa, matumbo yaache. Chuma cha kutelezesha kinakaa juu. Uzi mnene wa milimita 1.4 na mwembamba wa 0.4 vikikaa kwenye mifereji ya kina kimoja, chuma kitapanda juu ya mnene na kuuruka mwembamba. Kwa hiyo mfereji wa uzi mnene uzame karibu milimita moja zaidi. Lalisha rula juu ya nyuzi zote sita, kwenye kizingiti na kwenye daraja, ndipo uache tupa.

Joto nalo lina hesabu zake. Alumini ya milimita 600 ikipanda nyuzijoto 20 inarefuka zaidi kidogo ya robo milimita. Uzi wa chuma, kama nusu ya hapo. Mwezi wa 10 hapa Tabora gitaa likitolewa ndani na kuwekwa juani nje ya turubai la harusi, nyuzi nyembamba zinapata moto kwanza na kulegea, sauti inashuka. Mpigaji anakaza. Kisha kiwiliwili nacho kinapata moto, kinatanuka kuliko nyuzi, sauti inapanda. Mpigaji anamlaumu fundi. Hata wale wa kikaango walisumbuliwa na jambo hili chini ya taa za jukwaani, na mwaka 1935 wakatoa gitaa la bakelaiti, aina ya plastiki ngumu. Mteja mwambie alitoe gitaa mapema, alikalishe kivulini palepale atakapopigia, ndipo alityuni.

Umeme ndio sehemu ninayowabana wanafunzi zaidi. Pikapu, yaani kinasa sauti cha sumaku, nunua iliyokwisha sukwa. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, unazungushwa maelfu ya mara, na mafundi wa kusuka mota hawaufanyii kazi. Agiza Kariakoo pamoja na funguo, vitakuja na basi. Alumini haivutwi na sumaku lakini inapitisha umeme, kwa hiyo pete ya alumini ikiibana pikapu pande zote inakula sauti za juu. Tundu lipanue milimita kadhaa, pikapu uikalishe juu ya mbao.

Waya wa ethi ufike kwenye kiwiliwili na kwenye daraja, vinginevyo gitaa litanguruma. Risasi ya kawaida haishiki alumini, basi usihangaike na pasi ya kuchomelea. Funga kwa skrubu na kikonyo cha pete. Na bomba la madirisha limepakwa rangi au limetiwa utando usiopitisha umeme. Kwangua pale chini ya skrubu mpaka ing'ae, kisha hakiki kwa mita.

Ukishafanya hivyo, elewa ulichokifanya: umemwekea mtu chuma mapajani kilichounganishwa na bodi ya amplifaya. Amplifaya ikiwa na hitilafu na soketi haina ethi, umeme utapita kwake. Shughuli nyingi zetu ni za jenereta na waya za kuunganisha njiani. Kabla ya kupiga, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye chuma cha maikrofoni ya mwimbaji aliye jirani. Ikionyesha volti makumi, hakuna kupiga mpaka nyaya zikaguliwe. Mteja akisema unachelewesha shughuli, mwache aseme.

Chuma cha kutelezesha kinapatikana gereji. Pini ya pistoni ya gari imesagwa laini na ni ngumu kuliko nyuzi. Ya pikipiki ni fupi. Unahitaji milimita 60 au zaidi ili ifunike nyuzi zote. Ioshe oili kwa petroli, ipitishe msasa mwembamba kwenye kingo. Mpigaji aiweke juu kabisa ya mchoro wa freti, nyuma yake kama kidole hapana.

Kwa nyuzi, anza na mtyuno wa G: G, B, D, G, B, D, kutoka mnene kwenda mwembamba. Nyuzi zikipigwa bila chuma unapata G, chuma kikinyooka kwenye freti ya 5 unapata C, kwenye ya 7 unapata D, na hizo tatu zinabeba nyimbo nyingi za kwaya. Seti ya gitaa la kawaida haifai hapo, uzi wake wa tano utakazwa kutoka A hadi B na wa sita kutoka E hadi G, na huenda ukakatika. Tafuta nyuzi moja moja zenye unene unaostahili. Zikaze polepole, uzi wa kwanza kisha wa sita, wa pili kisha wa tano, ukirudia kuangalia kama daraja limesogea. Liache hadi kesho yake, pima tena 300 kwenye freti ya 12, ndipo umwite mwenye gitaa.