Kabla ya Kununua Mashine, Somesheni Watu wa Zahanati

Ramadhani ikikaribia, jamaa zetu walioko Mombasa, Nairobi na ng'ambo huniuliza swali moja: "Tumechanga pesa kwa ajili ya afya ya watu wa Lamu. Tununue nini?" Wengi huwa wameshaamua. Wanataka mashine, au wanataka kuleta madaktari wa kambi ya siku moja wapime presha na sukari. Nimekuwa muuguzi visiwani, na nimekaa kwenye kamati ya mfuko mdogo unaosomesha vijana wetu, kwa hiyo jibu langu halibadiliki: lipieni masomo ya watu watakaokaa zahanati.

Mashine ikiharibika Ndau au Kizingitini, fundi yuko mbali na kusi ikichafuka hata boti haziji. Kambi nayo ikifungwa, mgonjwa aliyeambiwa leo ana presha hubaki na karatasi mkononi. Nani atamwona mwezi ujao? Nani anajua anaishi na nani, anakula nini, na vidonge vimeisha lini?

Nitawapa mfano wa zahanati moja ya kisiwa cha Pate. Mzee mvuvi alikuja na kikohozi. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa kwenye atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, alikuwa ameshashika kalamu aandike dawa, muuguzi wa zahanati akamwambia angoje kidogo. Akasogeza kiti.

"Mzee wangu, vile vidonge vya presha unavimeza?"

"Mwanangu, mimi humeza siku kichwa kikiniuma."

"Na ukienda bahari?"

"Siendi navyo. Vitarowa."

Kikohozi kikaulizwa vizuri: kina wiki ngapi, je, usiku anatoka jasho, je, amepungua uzito. Makohozi yakachukuliwa yapimwe kifua kikuu. Kisha akaitwa mkewe, aliyekuwa ameketi barazani nje, kwa kuwa yeye ndiye humfungia mzee masurufu ya safari. Kikatafutwa kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha kukaza, vidonge vikahesabiwa mbele yake kulingana na siku za kukaa baharini, na akaelezwa kwamba presha haingoji kichwa kiume. Mwanafunzi aliona yote hayo kwa muda usiozidi nusu saa. Sijui darasa linaloweza kumfundisha hivyo.

Hii ndiyo kazi ya afya ya msingi, na madaktari waliobobea ndani yake huitwa madaktari wa familia. Dunia ililikubali jambo hili Alma-Ata mwaka 1978, serikali zilipotangaza kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kufundisha ubingwa wa tiba ya familia mwaka 2005, na vyuo vingine vikafuata. Marekani chama cha madaktari hawa, AAFP, kiliundwa 1947, lakini fani yenyewe haikutambuliwa rasmi kuwa ubingwa hadi 1969. Chama hicho kina wakfu wake, AAFP Foundation, unaowasaidia wanafunzi na madaktari walio mafunzoni ili waipende fani hii wakiwa bado vijana. Nadhani hapo wamefikiri sawasawa. Kijana anayeona wataalamu wa hospitali kubwa peke yao atatamani kuwa kama wao. Anayekaa miezi kadhaa na muuguzi hodari wa kijijini atajua kwamba hii nayo ni kazi ya mtu mwenye akili na elimu.

Kwa upande wa sheria, Kenya imesogea. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 imeweka mitandao inayounganisha zahanati na vituo vya afya na hospitali moja, na imewapa nafasi wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Lakini mtandao bila watu ni makaratasi, na watu husomeshwa kwa pesa.

Sasa niwaeleze pesa yenyewe inakwama wapi. Wafadhili wengi hupenda kulipa karo, na karo ni jambo jema. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wana kampasi Lamu mjini, hivyo mtoto wetu hana haja ya kwenda mbali sana. Hata hivyo, msichana wa Faza, kisiwani Pate, anayesoma Lamu mjini anahitaji chumba, nauli ya boti, sare, viatu vya wodini, chakula cha mwisho wa muhula pesa za nyumbani zinapokatika, na ada ya mitihani. Akishahitimu kuna ada ya kusajiliwa na baraza la taaluma yake, na bila usajili haruhusiwi kufanya kazi. Hapa ndipo niliposhuhudia vijana wakikwama, cheti kimekaribia kabisa. Basi mfuko wenu uahidi njia nzima, hata kama maana yake ni kumchukua mwanafunzi mmoja badala ya watatu.

Karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na ya matumizi itumwe kwa M-Pesa kila mwezi, siku ileile. Msiitume yote kwa pamoja: nyumbani kukiwa na harusi au mgonjwa, itakwenda huko, na hakuna wa kulaumiwa.

Kwa wasichana, zungumzeni na mama kabla ya kuzungumzia pesa. Mpelekeni akaone chumba, amjue mwenye nyumba, ajue mwanawe atarudi vipi zamu ya usiku ikiisha. Mama mmoja aliniambia, "Dada, mimi sikatai masomo, nataka kujua analala wapi." Baada ya kupaona, yeye ndiye aliyekuwa akituuliza fomu za mdogo wa binti yake.

Watu huniuliza pia kama tuwafunge vijana kwa mkataba warudi vijijini. Mimi siupendi mkataba wa vitisho, kwa sababu ajira iko mikononi mwa kaunti na mfuko hauwezi kumpangia mtu kituo. Kinachowarudisha ni kuwa walishawahi kufanya kazi huko na wakapendwa. Kwa hiyo lipieni atachimenti ya visiwani: nyumba safi karibu na zahanati, boti ya kwenda na kurudi, na posho kwa yule muuguzi anayemfundisha mwanafunzi huku foleni ya wagonjwa ikimngoja. Posho hiyo ni ndogo kuliko bei ya mashine yoyote, na sijaona mfadhili aliyeifikiria mwenyewe bila kuambiwa.

Mkiwa na uwezo zaidi, ziandikieni idara za tiba ya familia mwombe madaktari walio mafunzoni waje kwa zamu katika Hospitali ya King Fahd ya hapa Lamu au ile ya Malindi, nanyi mjitolee kuwapa malazi.

Kuhusu chanzo cha pesa, sisi watu wa Lamu hatuhitaji kufundishwa. Riyadha, msikiti na chuo cha dini alichokiasisi Habib Swaleh, imepokea wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki, na mji ukawakirimu. Nyumba na mashamba yamewekwa wakfu hapa tangu enzi za mababu. Mchango wa Ramadhani huja mara moja, na ukifika muhula wa tatu umeshakwisha. Duka moja lenye mpangaji, kodi yake ikiwekwa wakfu kwa masomo ya afya, litamlipia mwanafunzi hadi mwisho. Mkitaka kufanya hivyo, muulizeni sheikh wenu kwanza, kisha mwende kwa Tume ya Wakfu kuuandikisha. Majina ya wadhamini yawe na muuguzi au tabibu anayefanya kazi sasa, na mwanamke wa kijiji ambako mwanafunzi atatumwa. Hao wawili ndio watakaowaambia mapema mwanafunzi akianza kulegea, na ni kwa sababu gani.